Bibi harusi kuingia na wimbo wa Wagner

Je, ni lazima bibi harusi aingie kanisani kwa ule wimbo maarufu wa harusi wa Wagner, mtunzi wa muziki Mjerumani? Hapana, si lazima, na yapo makanisa yanayoukataa kabisa. Wimbo huo umetoka kwenye opera yake, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa, iitwayo Lohengrin (1850), na humo unaimbwa ndoa ikishafungwa, maharusi wakisindikizwa chumbani kwao. Kwa hiyo mwonyeshe padri au mchungaji orodha ya nyimbo kabla hujamlipa mpiga piano kianzio.

Mimi hupiga piano kwenye ibada za ndoa, na jambo linalosahaulika sana ni ishara. Mpiga piano mara nyingi haoni mlango, basi awepo mtu wa kumnyooshea mkono msafara ukianza, na tena bibi harusi akifika mbele. Chagueni kipande kinachorudiwa au kukatishwa bila kuharibika. Njia ya katikati ikiwa fupi, hamtamaliza hata ubeti mmoja.