Kwa mnaoanza kemia: atomi haigawanyiki kwa kazi gani?

Wadogo zangu mnaoingia kidato cha tano, nimesahihisha madaftari ya twisheni kiasi cha kuijua sentensi itakayowaponza: "Democritus aligundua atomi, Dalton akaithibitisha." Futeni. Hao wawili hawakuwa wakijibu swali moja.

Democritus wa Abdera, mwanafalsafa Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, alikuwa na hoja tu. Ukikata kitu bila kikomo, utaishia na visivyo na ukubwa, na hivyo hata ukivijumlisha mara ngapi havikupi jiwe. Basi lazima kuwe na mahali kisu kinagota. Leibniz, mwanafalsafa Mjerumani, mwaka 1714 alikwenda upande mwingine: chenye urefu na upana kinagawanyika daima, kwa hiyo kisichogawanyika hakiwezi kuwa maada. Akakiita monadi, kitu cha jamii ya roho, kisicho na sehemu. Msimcheke. Kimantiki ana nguvu kuliko tunavyomdhania sisi watu wa maabara.

Dalton, mwanakemia Mwingereza, alianzia kwenye uzito. Hebu shikeni kalamu. Katika kaboni monoksidi (ile sumu ya jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa), gramu 12 za kaboni huungana na gramu 16 za oksijeni. Katika kaboni dioksidi, gramu 12 zilezile huungana na 32. Mbona si 19? Mbona si 27 na nusu? Unaruka kutoka 16 hadi 32, katikati hakuna kituo. Jibu la Dalton: oksijeni huingia kwa chembe nzima, moja au mbili, nusu haipo. Mwenyewe aliamini chembe hizo hazivunjiki kabisa, ila hesabu yake haidai makubwa hivyo. Inadai tu kwamba hazivunjiki ndani ya mmenyuko wa kikemia.

Ndiyo maana mwanafizikia Thomson alipoipata elektroni, chembe ndogo iliyomo ndani ya atomi, mwaka 1897, hesabu ya 16 na 32 haikutikisika. Mmenyuko wa kikemia huchezea elektronivolti (kipimo kidogo sana cha nishati) chache kwa kila atomi. Kiini kimoja cha urani kikipasuka, kama walivyokipasua Hahn na Strassmann mwaka 1938, hutoka takribani elektronivolti milioni 200. Kwa hiyo mkisoma "haigawanyiki", ulizeni papo hapo: kwa nishati kiasi gani?

Halafu kuna kwaki, chembe zinazounda protoni za ndani ya kiini, ambazo Gell-Mann na Zweig walizipendekeza mwaka 1964, na hapa ndipo penye utamu. Protoni ina kwaki tatu, lakini jaribu kuivuta moja itoke. Nguvu inayoishikilia hailegei kwa umbali, na nishati unayomwaga kuivuta inazaa kwaki mpya pamoja na antikwaki yake (pacha wake mwenye chaji kinyume). Ulitaka kipande, unapata chembe nyingine nzima. Sasa protoni inagawanyika au haigawanyiki? Mimi husema ina sehemu lakini haina vipande. Wapo walimu wasiokubali, na mkiwakuta chuoni bishaneni nao, mtajifunza mengi.

Swali la Democritus na Dalton likija kwenye mtihani, anzeni na tofauti ya hoja na mizani, kisha wekeni ile hesabu ya kaboni. Mkifika kwenye elektroni, msiandike "haina sehemu." Andikeni "hakuna jaribio lililoonyesha sehemu ndani yake hadi sasa."