Kuzaliwa Kando ya Mto Hakukufanyi Mfugaji wa Samaki

Jumanne usiku kijana mmoja kaniandikia: "Shikamoo mama. Mkataba wangu kazini umeisha, mafao yametoka, na nina eka mbili za marehemu baba upande wa Mlimba, zimegusana na mto. Nataka kuchimba mabwawa manne ya sato. Maji si tatizo, mto upo pale pale. Wewe niambie tu nianze na vifaranga wangapi."

Marahaba mwanangu. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya tatu nikaweka simu mezani nikaenda kukaa nje, kwa sababu hayo maneno ya "maji si tatizo, mto upo pale pale" niliyasema mimi, kwa majivuno hayo hayo, mwaka 2019, nikimwambia ofisa uvuvi aliyekuja kunitembelea. Binti mdogo, buti zimejaa tope, daftari kwapani. Sikumpa hata kiti.

Wanaonifahamu wanajua nilikotoka. Baba yangu alivua mto Kilombero maisha yake yote, kwa nyavu, kwa ndoana na kwa migono aliyoisuka mwenyewe. Nimekula kitoga na ndungu, samaki wa mto huo, kabla sijaota meno. Nikiwa na miaka kumi naweza kukwambia kwa kuangalia rangi ya maji kama leo baba atarudi na kitu au atarudi na hasira. Sasa mtu kama mimi, binti mwenye cheti aje kunieleza habari za samaki? Alifungua daftari, akaanza: mama, hapa ni karibu mno na mto, Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita sitini. Mama, maji haya utahitaji kibali cha ofisi ya maji ya bonde. Mama, hao vifaranga una uhakika ni madume? Nikamjibu, mwanangu, samaki ni samaki. Akafunga daftari, akaniaga kwa adabu, akaondoka na pikipiki yake.

Nilichimba bwawa la mita ishirini kwa kumi na tano, hatua kama arobaini kutoka ukingo wa mto. Vibarua sita, siku kumi na moja. Vifaranga nilinunua mia tisa, watatu kwa kila mita ya mraba, kwa shilingi mia mbili mmoja, kwa muuzaji aliyeniapia kwamba ni dume tupu. Hesabu yangu niliiandika ukutani jikoni kwa mkaa: samaki mia tisa, kila mmoja gramu mia tatu, kilo mia mbili na sabini. Nikazidisha na bei ya sokoni, nikaanza kuangalia bati.

Miezi ya katikati naipita. Ni kulisha asubuhi, kulisha jioni, kufukuza mdiria na kugombana na kenge. Kinachofaa kujulikana ni kwamba kuanzia mwezi wa nne nilikuwa naona vitu vidogo vidogo vinacheza pembeni mwa bwawa, nami nikawa nafurahi. Nilimwita mdogo wangu aje aone. "Dada, wamezaana!" Tukapiga makofi kabisa.

Siku ya kuvuna nilialika watu. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo. Nilimwalika mjomba, majirani, na mama wawili wauza samaki wa Ifakara waliokuja na mabeseni yao. Tukapunguza maji. Maji yalipofika magotini bwawa zima lilianza kuchemka, samaki wanaruka kila upande, watu wakapiga kelele za shangwe. Wavu ulipovutwa mara ya kwanza ulikuwa mzito, vijana wakauburuta mpaka kingoni, na shangwe ikakatika. Ulikuwa umejaa samaki wa ukubwa wa kidole gumba. Maelfu. Wamekomaa, vichwa vikubwa, miili myembamba, rangi ya utu uzima kabisa, lakini kidole gumba. Tulivuta mara nne. Wa kupimwa kwa kilo tuliwachagua mmoja mmoja, wakafika kilo arobaini na moja. Mama mmoja wa sokoni alinitazama, akageuza beseni lake, akalikalia. Mjomba akasema, "Kumbe umefuga dagaa."

Yule binti alikuja kesho yake. Sikumwita, alisikia. Hakusema "nilikwambia", na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. Aliingia kwenye tope lililobaki, akamshika samaki mmoja mdogo, akambonyeza taya taratibu juu ya kiganja chake. Yakatoka mayai. Ya manjano, kama punje za mtama, kiganja tele. Samaki mwenyewe hakufika hata gramu arobaini. Akanieleza kwa lugha nyepesi kitu ambacho baba yangu na mto wake wote hawakuwahi kunifundisha: jike la sato, na la perege ndugu yake wa mtoni, hutunza mayai na watoto mdomoni, na akiwa analea hali chochote cha maana. Bwawani anaanza kuzaa akiwa na miezi michache tu, kisha anarudia kila baada ya wiki nne mpaka sita. Kwa hiyo chakula nilichokuwa namwaga kila siku kiligawanywa kwa vizazi na vizazi, kila mmoja akapata cha kumweka hai, hakuna aliyepata cha kunenepa. Mtoni jambo hilo halionekani kwa sababu kuna kambale, kuna ndege, kuna mamba, kuna sisi, kila mmoja anapunguza. Bwawani nani apunguze?

Halafu akamgeuza dume tumbo juu, akanionyesha: nyuma huku dume ana matundu mawili, jike matatu. Nimekula samaki miaka hamsini sikuwahi kugeuza mmoja nikahesabu.

Muuzaji nilimpigia siku hiyo hiyo. Kwanza akasema samaki wangu hawakushiba. Mara ya pili akasema maji yangu ya mto ndiyo yana matatizo. Mara ya tatu simu iliita mpaka ikakata, na hajapokea mpaka leo. Sitamtaja. Lakini nataka uelewe hao "dume tupu" wanatokeaje: vifaranga wakiwa wadogo kabisa, ndiyo kwanza wanaanza kula, hulishwa chakula chenye homoni kwa siku ishirini na moja mpaka ishirini na nane. Ni kazi ya kituo chenye vifaa, mizani na mtu makini. Mtu anayeteka vifaranga kutoka bwawa lake la nyuma ya nyumba, akawafunga kwenye mfuko, akakwambia dume tupu, anakuuzia maneno. Sasa hivi nanunua kwenye kituo ninachoweza kwenda kukiona kwa macho, na serikali ina kituo chake Kingolwira pale Morogoro. Nauli ya kwenda kuangalia ni ndogo kuliko hasara ya miezi minane. Na hata ukinunua madume, weka kambale wachache humo baada ya sato kukua kidogo, wawale watoto wa majike waliopenya. Kambale wawe wadogo kuliko sato, la sivyo utakuwa umefuga mlaji.

Kosa la pili lilinichukua muda mrefu zaidi kulielewa, na hili ni letu sisi watu wa mito hasa. Mzunguko uliofuata samaki walikua vizuri. Nikavuna Julai. Nafika sokoni, bei imekufa. Kwa nini? Kwa sababu Julai maji ya Kilombero yameshuka, samaki waliotawanyika kwenye mbuga wakati wa mafuriko wamebaki kwenye madimbwi na vijito, na wavuvi wanawakusanya kwa mitumbwi. Kitoga mbichi yuko palepale, perege wa mtoni yuko palepale, na mteja wa Ifakara anaamini wa mtoni ndiye mtamu. Nilikuwa nashindana na mto! Mto haununui chakula, haulipi mlinzi, hauna mkopo. Baba yangu angenicheka kweli.

Tangu hapo nahesabu kinyume. Samaki wangu wawe tayari Februari mpaka Aprili, mto ukiwa umejaa na wavuvi wengi wamekaa kando wanashona nyavu. Machi mwaka huu nimeuza kilo mia mbili na kumi na mbili kwa siku mbili, pale pale bwawani, wateja wakiwa na ndoo zao. Mmoja wao ni yule mama aliyekalia beseni. Sikumkumbusha. Nilimpimia kilo tano, nikamwongezea mmoja juu, nikamtazama usoni nione kama anakumbuka. Anakumbuka.

Lile bwawa la kwanza halipo. Masika ya 2024, mvua zilizoanza na El Niño ya vuli, zile zile zilizozamisha mashamba huko chini Rufiji na Kibiti, mto ulikuja usiku ukalichukua lote, kingo na samaki. Mita sitini, mwanangu. Nilikuwa naiona kama sheria ya kutunyanyasa wanyonge. Na kuna jambo jingine ambalo ni aibu, lakini nitalisema: sato si samaki wa bonde la Rufiji, ambalo Kilombero yetu ni sehemu yake. Sisi tuna perege wetu wa asili. Hata Ziwa Victoria kwenyewe sato alipelekwa miaka ya 1950. Wangu walivyochukuliwa na mafuriko waliingia mtoni, na wakikutana na perege wetu wanachanganyika mbegu. Kwa hiyo mtoto wa mvuvi ndiye aliyeutia mto wa baba yake samaki wageni. Nikifikiria hilo huwa sina raha.

Mabwawa yangu ya sasa yako juu, mbali, na maji nayaleta kwa mfereji. Kibali ninacho, cha Bodi ya Maji Bonde la Rufiji. Yule binti ndiye alinisaidia kuandika maombi. Siku hizi akija anapata kiti, chai, na samaki wa kwenda nao.

Sasa nikujibu. Uliniuliza vifaranga wangapi. Mimi nakuuliza utawalisha nini. Mabwawa manne kama langu ni samaki elfu tatu na mia sita. Wakifika gramu mia moja kila mmoja, una kilo mia tatu na sitini za samaki majini, na ukiwalisha asilimia tatu ya uzito wao, ni karibu kilo kumi na moja za chakula kila siku, Jumapili ikiwemo, siku ya msiba ikiwemo. Na hapo hawajafika hata nusu ya safari. Kwenye ufugaji huu chakula kinakula zaidi ya nusu ya gharama zote. Usidanganywe na video za vijana wa vizimba vya samaki ziwani Mwanza wanaovuta nyavu huku muziki unalia. Hawakuonyeshi risiti ya chakula.

Chimba moja. Moja tu. Kabla hujachimba, chukua udongo wa pale chini, uloweshe, ufinyange donge, ulirushe juu ulidake. Likivunjika, maji yatapotea. Kisha chimba shimo la kiunoni, lijaze maji asubuhi, jioni lijaze tena, na kesho yake asubuhi ukaangalie: maji mengi yakiwa bado yapo, udongo unafaa. Pima mita sitini kwa kamba, si kwa macho. Nenda kwa ofisa uvuvi wa halmashauri yako na daftari lako, umsikilize hata kama ni mdogo kuliko mtoto wako wa mwisho. Usimwage samadi ovyo ukidhani unalisha: ingiza mkono majini mpaka kwenye kiwiko, kiganja kikipotea machoni kabla ya hapo, maji yameshakuwa mazito. Maji mazito hukosa hewa alfajiri, utakuta samaki wako wote wamepandisha midomo juu wanahema. Ukikuta hivyo acha kulisha, ingiza maji mapya haraka. Na chimba moja, nakurudia, maana najua umeruka sentensi ile ukaenda kwenye udongo.

Vijana wetu mnapenda kuanza na picha ya mwisho. Mnaandika hesabu ukutani kwa mkaa kama mimi, mnazidisha, mnaangalia bati. Pesa ya mafao inatoka mara moja tu, haina kesho yake. Wapo wengi humu bondeni ambao mashimo yao siku hizi yanafuga vyura, na ukiwauliza wanasema samaki hawalipi. Samaki wanalipa. Mimi wamenilipia ada ya kidato cha sita ya mtoto wa mdogo wangu, na bati nimeezeka, si lile nililokuwa naliangalia 2019 lakini bati.

Nilimwandikia yule kijana karibu haya yote kwa ufupi, nikamwambia anitumie picha ya donge la udongo. Jana asubuhi imekuja. Donge lipo kiganjani, zima, linang'aa kwa mfinyanzi. Nyuma yake, kwa mbali, nimeona tingatinga limeshaegeshwa. Nikampigia. Hajapokea bado.