Usifukuze vumbi la mtu

Ndugu yangu, unauliza kama ni haki kuogopa: Jumamosi wenzako wanakupeleka na pikipiki upande wa Magadi, kule Bonde la Ufa kusini mwa Nairobi, nawe hujawahi kuacha lami. Ogopa kidogo, mchanga wa makorongo yale hauna adabu.

Mkitoka lami, punguza upepo wa matairi, tuseme kutoka psi 30 (kipimo cha upepo kwenye geji) hadi 20 hivi, na mmoja wenu abebe pampu ya kuurudisha. Simama kwenye vikanyagio, magoti yakumbatie tangi, mikono ilegee. Mchangani usikodolee gurudumu la mbele: tazama mbali, egemea nyuma, ongeza mafuta taratibu. Breki ya mbele iache kabisa. Mimi niliishika mara yangu ya kwanza, nikala mchanga mbele ya mbuzi na mchungaji wao, aliyecheka mpaka akakaa chini.

Vumbi la aliye mbele likikuziba macho, mwache aende. Kikundi cha maana huweka mzoefu nyuma ya wote, na kwenye njia panda mtu husubiri hadi anayemfuata aonekane. Wakikwambia "utatufuata tu", baki nyumbani.

Maji, lita 3. Kule bondeni ni tanuri.