Rhapta ilikuwa wapi? Kwa mwalimu anayeanza kufundisha fikra tunduizi

Mwalimu mpya akifika kwenye biashara ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki huandika "Rhapta" ubaoni, hueleza kwamba palikuwa soko, kisha hukimbilia Kilwa. Anaacha hazina nyuma yake. Mji huo haujathibitishwa ulipo mpaka leo, na maandishi ya kale yanayoutaja ni machache mno: darasa huyasoma kwa kipindi kimoja. Mwanafunzi wa kidato cha pili anashika maneno yaleyale anayoyashika profesa.

Tenga vipindi viwili vya dakika 40. Kila kundi la watu watano lipate karatasi mbili, ramani yenye skeli kutoka Lamu hadi Kilwa, rula na uzi. Kundi likizidi hapo, wawili watapima na waliobaki watapiga soga.

Karatasi ya kwanza ni ya Periplus, mwongozo wa biashara ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 na mtu asiyejulikana jina. Anasema kisiwa cha Menouthias kiko kama stadia 300 (stadia ni kipimo cha kale cha umbali) kutoka bara, kiko chini, kina miti, mito, kobe na mamba. Siku mbili za safari kutoka hapo ndiyo Rhapta, soko la mwisho la Azania, yaani pwani hii ya Afrika Mashariki, lenye pembe za ndovu kwa wingi na magamba ya kasa, lililopata jina kutokana na mashua zake za kushonwa. Karatasi ya pili ni ya Ptolemy, mwanajiografia wa karne ya 2. Yeye anauita mji mkuu, anauweka ndani kidogo kutoka baharini, kwenye mto, na Menouthias anakipeleka kusini zaidi ya Rhapta. Usiwaambie kwamba wawili hawa wanapingana. Kundi likikwama, liambie lichore kila maelezo kwenye ramani yake. Mgongano utajitokeza wenyewe.

Usifungue somo kwa kuuliza "Unadhani ilikuwa wapi?" Mwanafunzi akishataja mahali mbele ya wenzake, muda uliobaki atautumia kupatetea. Anza na jedwali la safu tatu: chanzo kinasema nini, sisi tunaelewa nini, na kitu gani kingetuonyesha kwamba tumekosea. Safu ya tatu ndiyo ngumu, na wengi wataiacha wazi. Irudie.

Kisha hesabu. Nusu ya darasa wachukue stadia moja kuwa mita 185, nusu wachukue mita 157, kwa kuwa wataalamu hawakubaliani. Stadia 300 zitatoa kilomita 55 na ushei, au 47. Wapime kwa uzi: Pemba iko kama kilomita 50 kutoka bara, Unguja kama 35, Mafia kama 20. Namba inaielekea Pemba, lakini Pemba ina vilima vingi na Unguja ndiyo iliyo tambarare zaidi. Sasa siku mbili. Tukikadiria stadia 500 kwa siku, kila moja mita 185, safari ni kilomita 185. Kutoka katikati ya Pemba unafika karibu na Dar es Salaam. Kutoka katikati ya Unguja unafika delta ya Rufiji. Wakisafiri na usiku pia, umbali unakuwa mara mbili, na kutoka Unguja unaipita Kilwa. Kisiwa ulichochagua mwanzoni kimeuhamisha mji kwa zaidi ya kilomita 100. Waache walitazame hilo kwa muda, usiwaharakishe.

Kosa linalojirudia kila mara ni kuchukua dalili inayofaa kila mahali kana kwamba inafaa mahali pamoja. Mashua za kushonwa? Mitepe ilishonwa Lamu na visiwa vyake mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Mto? Pangani upo, Rufiji upo. Mwanaakiolojia Profesa Felix Chami aliripoti kutoka Rufiji shanga anazozihusisha na biashara ya Dola ya Kirumi, na mwanafunzi atasema basi, tumemaliza. Muulize: shanga hizo zisingefika Rufiji kama Rhapta ingekuwa Dar es Salaam? Zingefika. Zinaongeza uzito upande wa Rufiji, hazifungi kesi.

Mwingine atasema hakuna magofu, kwa hiyo hapakuwa na mji. Nyumba za miti na udongo hazisimami miaka 1,900, na kwenye delta mto huhama na matope hufukia. Kutoonekana kuna maana pale tu palipotafutwa vya kutosha.

Alama 20 zigawe hivi: 8 kwa kuunganisha kila dai na maneno ya chanzo, 6 kwa hesabu iliyoonyeshwa, 6 kwa kutaja ushahidi ambao ungembadilisha mawazo. Mahali penyewe hapana alama, na watangazie kabla hawajaanza, la sivyo watanakili jibu la kundi linalosifika kwa akili.

Mwishoni wataudai ukweli. Wape orodha ya Periplus ya bidhaa zilizoingia Rhapta: mikuki, shoka, visu, misumari ya kutobolea, vitu vya kioo. Kisha kila mmoja aandike ni zipi kati ya hizo zingeweza kudumu ardhini, na zingepaswa kukutwa pamoja na nini ndipo mchimbaji aseme amefika.