Vidonge vya ekinasia na mafua ya msimu wa salfa

SWALI: Ndugu mfamasia, shikamoo. Mimi ni mkulima wa korosho hapa Tandahimba. Kila mwaka tukianza kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga, mafua hayaniachi. Shemeji yangu wa Dar ameniletea kopo la vidonge vya ekinasia, dawa ya mitishamba, anasema nikimeza kila siku mafua hayatanishika, na yakinishika yatapona upesi. Nimeze? Na mwanangu wa miaka 5 nimpe?

JIBU: Marahaba. Mtoto usimpe. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2003, uliohusisha watoto 407, haukuona mafua yakiisha mapema kwa waliopewa ekinasia, ila waliotokwa na vipele walikuwa wengi zaidi. Huko Ulaya, ekinasia haishauriwi kwa walio chini ya miaka 12. Mwanao akipata mafua, kijiko cha asali usiku kinatuliza kikohozi (aliye chini ya mwaka mmoja haruhusiwi asali). Akichemka mwili, mpeleke zahanati apimwe malaria kwanza.

Sasa wewe. Nina shaka kama hayo ni mafua. Mafua ya virusi huanza na koo kuwasha, kisha kamasi, na kwa kawaida huisha ndani ya siku 7 hadi 10; mara nyingi na wa nyumbani huyapata. Wewe unasema hayakuachi kila mwaka mkianza kupulizia. Vumbi la salfa huchoma macho, pua na koo. Ukikaa siku mbili tatu bila kwenda shamba ukapata nafuu, jibu umelipata, na hakuna kidonge cha mitishamba kinachozuia vumbi. Vaa barakoa na miwani, pulizia alfajiri upepo ukiwa umetulia, simama upande upepo unakotokea, na ukirudi oga kabla hujashika mtoto.

Na kama ni mafua kweli? Mapitio ya 2014 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 24 ya ekinasia. Faida ya kutibu haikuthibitika; ya kuzuia, ikiwepo, ni ndogo. Tena kopo na kopo hazifanani: moja lina mizizi, jingine majani na maua, jingine aina nyingine kabisa ya mmea, kwa hiyo sifa za moja usizibebeshe jingine. Mimi nisingetoa hela ya korosho kununua, lakini wewe umeletewa bure. Mtu mzima mwenye afya akitaka kujaribu, aanze dalili zinapoanza na asizidishe siku 10. Kumeza msimu mzima sikushauri.

Usiiguse kabisa kama una kifua kikuu, unaishi na VVU, unatumia dawa za kushusha kinga, au mwili wako hukataa mimea jamii ya alizeti. Angalia pia kama kopo lina usajili wa Tanzania. Lisilo nao hatujui ndani mna nini.

Kikohozi kikifika wiki mbili, acha vidonge, nenda kituo cha afya wakupime makohozi. Uwaambie pia kwamba unapulizia salfa.