Handasi haifungi mabao: kahawa, muguka na vidonge kabla ya mechi

Haipiti wiki kabla kijana mmoja hajanivuta pembeni na kuniuliza: "Kaka, wewe kabla ya mechi huwa unatumia nini?" Haulizi mpangilio wa timu wala aina ya padi ya kuchezea gemu. Anauliza kitu cha kunywa, cha kutafuna au cha kumeza. Nimecheza gemu za mpira kwa ushindani hapa Mombasa tangu zikiitwa FIFA, kabla ya kubadilishwa jina kuwa EA Sports FC mwaka 2023, na katika miaka hiyo nimejaribu vingi kuliko ninavyopenda kukiri mbele ya mama yangu. Leo najibu kwa maandishi, nikiulizwa tena nitume kiungo.

Nianze na usiku mmoja wa Ramadhani. Mashindano ya mtaani kwetu mwezi huo huanza baada ya tarawehe na kuisha karibu na daku. Tulikuwa wachezaji 32, mtoano, dakika sita kila kipindi. Nilifika na mfuko wa muguka, karanga, chingamu za bigijii na makopo mawili ya enaji, kama mtu anayesafiri kwenda Malindi kwa miguu. Raundi mbili za kwanza nilikuwa simba. Muguka, kama miraa yoyote, una kathinoni, kemikali ya ukoo mmoja na amfetamini, na handasi, yaani ule mchangamko wa muguka, ilipopanda nikawa nauona uwanja wote mpaka jukwaani.

Tatizo ni kwamba niliona mno. Mshambuliaji wangu kasimama peke yake, njia nyeupe, nami nashikilia mpira kwa sababu nina hakika kuna pasi tamu zaidi upande wa kushoto. Nikaipata hiyo ya kushoto, nikaona kuna nyingine. Robo fainali nilikaa na mpira karibu mechi nzima, nikafungwa mabao mawili ya kushtukiza na mtoto wa miaka 16 aliyekuwa anakunywa sharubati ya ukwaju. Na bado nilirudi nyumbani nikiapa kwamba sijawahi kucheza vizuri vile. Usingizi haukuja hadi jua likachomoza. Mchana nikatazama mechi niliyoirekodi, nikaizima kabla ya mapumziko kwa aibu.

Hilo la kuamini umecheza vizuri ndilo lililonitisha kuliko kipigo chenyewe. Mtu akilewa pombe anajijua kalewa, angalau kidogo. Mwenye handasi anajiona kocha.

Baadaye nilikuja kusoma utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2017. Wachezaji wa sataranji walipewa dawa za kuchangamsha ubongo, yaani modafinili, methilfenideti (ile inayojulikana kwa jina la Ritalin) na kafeini, na siku nyingine vidonge visivyo na kitu, kisha wakacheza na kompyuta kwa saa inayohesabu. Waliotumia dawa walifikiri muda mrefu zaidi kila hatua, wakapoteza michezo mingi kwa kuishiwa na muda. Ukiondoa michezo iliyopotea kwa saa, walicheza vizuri kidogo kuliko kawaida yao. Niliposoma hapo nikaiona robo fainali yangu. Dawa iliongeza tafakuri, na katika gemu la dakika kumi na mbili anayetafakari kwenye boksi huporwa mpira. Mwenye sataranji ya siku nzima pengine atafaidi. Wewe wa gemu za Tekken, za PUBG au za mpira, mpinzani hakusubiri umalize kuwaza.

Wenzetu wa nje nao wamepitia haya, tena kwa pesa nyingi zaidi. Mwaka 2015 mchezaji wa gemu la risasi la Counter-Strike, Kory Friesen, anayejulikana kama Semphis, alisema hadharani kwamba yeye na timu yake ya wakati huo, Cloud9, wote walikuwa wametumia Adderall kwenye mashindano ya Katowice, Poland. Adderall ni amfetamini wanayoandikiwa na daktari watu wenye tatizo la kutotulia na kukosa umakini. Waandaaji, ESL, wakakimbilia kwa shirika la Ujerumani la kupambana na dawa michezoni, na Agosti mwaka huohuo wakaanza kupima mate ya wachezaji huko Cologne. Majibu yote yakatoka safi. Vijana wengi hukumbuka sehemu ya kwanza ya kisa hiki tu na kusema, "Unaona? Hata mabingwa wanameza." Timu ile haikutwaa ubingwa wa Katowice.

Sasa kahawa, maana hapo ndipo nina neno la kukushauri badala ya kukukataza tu. Kafeini haikutii nguvu ambazo huna. Kadiri unavyokaa macho, ubongo unakusanya kemikali iitwayo adenosini, inayokuambia umechoka. Kafeini hukalia viti vyake, ujumbe ukakosa pa kuketi. Ndiyo maana mtu aliyechoka huona tofauti kubwa, na aliyelala vizuri huona ndogo. Pia ndiyo maana mnywaji wa kila siku anajidanganya kidogo: ile finjani ya kwanza baada ya futari, unapohisi umefufuka, kazi yake kubwa ni kukuondolea kichwa kilichokuuma tangu alasiri kwa kuikosa kahawa. Umerudi ulipokuwa, hujapanda.

Mimi nina mzee wangu wa kahawa, anapita na dele lake barazani kila jioni. Siku niliyoomba finjani ya nne kabla ya mechi aliniangalia akasema, "Mwanangu, wataka kucheza au wataka kutetemeka?" Nikanywa. Nikatetemeka. Kwenye padi mtetemo wa kidole gumba unauona kabisa: mchezaji wako anapinda pale ulipotaka anyooke, na penalti inakwenda kwa jirani. Tangu hapo kipimo changu ni finjani mbili, dakika 45 hivi kabla ya mechi, kwa sababu kafeini hufika kileleni kwenye damu kati ya nusu saa na saa moja. Sinywi chochote kipya siku ya mashindano. Hata aina mpya ya kahawa naijaribu siku ya mazoezi.

Ukipenda makopo, soma ubavu wa kopo. Red Bull ya mililita 250 ina miligramu 80 za kafeini na sukari karibu gramu 27. Wataalamu wa chakula wa Umoja wa Ulaya wanasema mtu mzima mwenye afya asivuke miligramu 200 kwa mkupuo na 400 kwa siku. Piga hesabu ya makopo makubwa mawili juu ya kahawa ya futari, halafu ongeza muguka, ambao nao unapandisha presha na mapigo ya moyo, uone ulipofika. Mimi usiku ule nilifika mbali, na moyo nilikuwa nausikia masikioni. Na kama una chini ya miaka 18, viwango hivyo si vyako. Mwachie mwenye duka enaji yake.

Jambo ambalo wengi hawalipi uzito ni muda inaokaa mwilini. Nusu ya kafeini huchukua kama saa tano kutoka. Uliyokunywa saa mbili usiku, saa saba usiku nusu yake bado imo. Kwenye mashindano ya siku mbili, hapo ndipo watu hujimaliza: Ijumaa wanashinda kwa makopo, hawalali, Jumamosi wanakuja na macho mekundu na makopo mengi zaidi. Nilipoanza kuweka daftari, nikiandika nimelala saa ngapi, nimekunywa nini, na mabao niliyofungwa dakika za mwisho, safu ya usingizi ndiyo iliyoeleza karibu kila kitu. Safu ya vinywaji ilikuwa kelele tu. Yule mtoto wa ukwaju nilimuuliza baadaye alifanya nini siku ile. Akasema alilala tangu adhuhuri mpaka mama yake akamwamsha akate kachumbari.

Vya kutuliza navyo vina wateja wake, hasa kwenye fainali, mikono inapotoka jasho na watu wamekusimamia mgongoni. Rafiki yangu mmoja alichukua kidonge cha presha cha mama yake, propranolo, kwa kuwa alisikia wapiga vinanda na walenga shabaha hukimeza ili mkono usitikisike. Hakudanganywa. Kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 mlenga bastola wa Korea Kaskazini, Kim Jong-su, alinyang'anywa medali ya fedha na ya shaba kwa dawa hiyohiyo. Mkono wa rafiki yangu kweli ulitulia. Lakini yeye mwenyewe alitulia mno, akafungwa bao akatikisa kichwa kama anayesikiliza mawaidha. Kisha usiku kifua kikambana. Alikuwa na pumu ya utotoni, na dawa za aina hiyo zinaweza kubana mirija ya hewa ya mwenye pumu. Tulishukuru Mungu pampu yake ilikuwepo na hospitali haikuwa mbali. Fainali yenyewe ilikuwa ya zawadi ya shilingi elfu tano.

Bangi sivuti, ila nimekaa vyumbani na wavutaji, na matokeo yao nimeyaandika ubaoni kwa mkono wangu. Wanasema muda unapungua kasi, wanauona mpira unakuja polepole. Muda wao ndio uliopungua, wa mpinzani haukupungua. Pombe sina haja ya kuieleza. Na tembe za usingizi zinazouzwa vichochoroni, ambazo hata huyo muuzaji hajui zimetengenezwa wapi, zimewamaliza vijana wa mji huu bila hata kuwapa ushindi mmoja. Hofu ya fainali mimi naipunguza kwa kufika mapema, kukaa kwenye kiti kilekile nitakachochezea, na kutoa pumzi ndefu kuliko ninayovuta, mara kumi hivi. Haiondoki yote, na sitaki iondoke yote. Mchezo ukishakuwa hauniumi tumboni hata kidogo, najua leo nitafungwa.

Kuna kitu hunichekesha kuhusu sisi wacheza gemu. Mtu anatafuta milisekunde kwenye kopo, na runinga anayochezea iko kwenye mpangilio wa sinema, unaoweza kuchelewesha picha kwa zaidi ya milisekunde 50. Ingia kwenye mipangilio, weka ya michezo. Tumia waya wa intaneti badala ya hewani kama mnacheza mtandaoni. Seva ikiwa Ulaya, pingi yako, yaani muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi, ukiwa pwani ya Afrika Mashariki itakuwa juu ya milisekunde mia, na hakuna jani la muguka la Embu litakalokurudishia hizo. Maji ya kunywa karibu nawe. Futari nyepesi, maana ukishashindilia mahamri na mbaazi na viazi vya karai, hata kahawa ya mzee wangu haitakuamsha. Mimi hula tende, uji na samosa moja, vingine navifunikia hadi mechi iishe.

Mwisho ni sheria, kwa wanaosafiri. Hapa Kenya miraa na muguka ni halali. Mei 2024 gavana wetu alipiga marufuku muguka Mombasa, mahakama ikaisitisha amri hiyo, na ubishi wa barazani haujaisha mpaka leo. Lakini ukivuka mpaka wa Lungalunga kwenda mashindano ya Tanga au Dar es Salaam, mirungi, kama wanavyoiita miraa kule, ni dawa za kulevya. Mfuko uliosahau kwenye begi la padi unaweza kukupeleka mahakamani, na hakuna atakayesikia habari za nusu fainali yako. Kwa anayeota makubwa zaidi: kwenye Michezo ya Asia iliyofanyika Hangzhou mwaka 2023 gemu zilitolewa medali kama riadha, na mashindano ya ngazi hiyo hufuata orodha ya shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, WADA. Kafeini iliondolewa kwenye vitu vilivyokatazwa mwaka 2004. Kathinoni imo, na nduguye katini nayo imekatazwa ikizidi maikrogramu tano kwa mililita ya mkojo, na zote mbili zimo kwenye jani lilelile unalotafuna na bigijii. Na kama daktari amekuandikia Ritalin au dawa yoyote ya aina hiyo kwa sababu unaihitaji, usiiache kwa ajili ya mechi. Pata barua yake, uwaeleze waandaaji mapema, kuna utaratibu wa kuombea ruhusa.

Ijumaa hii nina mechi saa tatu usiku. Mzee wa dele nimeshamwambia apite saa mbili na robo, na nimemwomba akatae nikiitisha ya tatu. Ameniambia yeye ni mfanyabiashara, nikimpa hela atamimina.