Maswali yenu ya zip kwenye Python: angalieni kilichomo kwanza

Leo najibu ya zip tu, manake yamerundikana.

Nina CSV kubwa ndani ya zip, nikiita read() laptop inaganda. Nifanyeje?

Achana na read(). Inafumua faili lote na kulimwaga kwenye RAM kwa mkupuo, na CSV huwa inabanika sana, kwa hiyo zip ya mega 100 inaweza kutoa giga nzima. Tumia open() ya ZipFile (imo kwenye zipfile, moduli ya Python ya kushughulikia zip), usome kidogokidogo. Ila inatoa baiti sio maandishi, so ipitishe kwanza kwenye io.TextIOWrapper yenye encoding='utf-8', ndo uipe csv.reader, la sivyo csv.reader itakulalamikia. Na tafadhali usiite extractall() kwa ajili ya faili moja! Wengi mnamwaga kila kitu kwenye diski, mnasahau kufuta, baada ya muda seva imejaa na hamjui imejazwa na nini. Zip ina orodha ya vilivyomo pamoja na mahali kila kimoja kinapoanzia, kwa hiyo Python inaruka moja kwa moja hadi unachokitaka, vingine haivigusi kabisa.

Faili naliona kabisa lakini napata KeyError "There is no item named".

Print namelist(), yaani orodha ya majina yaliyomo kwenye zip, halafu kopi jina kutoka hapo. Hili nimeshalijibu sana jamani. Herufi kubwa na ndogo ni tofauti, folda ni sehemu ya jina, na mkwaju ni ule wa mbele (/) hata kama zip ilitengenezwa Windows.

Kwa nini BadZipFile wakati nimeidownload sasa hivi?

Ile orodha ya vilivyomo kwenye zip inakaa mwishoni mwa faili, bando likikata katikati mwisho haupo, basi. Au umedownload ukurasa wa kulogin ukaupa jina la .zip. Soma baiti mbili za mwanzo, zip ya kawaida inaanza na PK, herufi za Phil Katz aliyeileta mwaka 1989.

RAR je?

Haimo kwenye Python yenyewe. Weka maktaba ya rarfile pamoja na programu ya unrar.

Paswedi ni sahihi ila inakataa.

Lazima iwe baiti, yaani b"...". Kama zip imefungwa kwa AES (ufungaji wa kisasa), zipfile haiwezi, chukua maktaba ya pyzipper. Ule ufungaji wa zamani ni dhaifu, usiufichie data za wateja.

Watumiaji wanaapload zip na tar.gz kwenye sistimu yangu, naita extractall() moja kwa moja. Kuna shida?

Kubwa sana! Kuna 42.zip, ina kilobaiti 42 hivi, ukifumua tabaka zote inafika petabaiti 4.5, manake ni zip ndani ya zip ndani ya zip. Kwa hiyo pitia infolist() (taarifa za kila faili lililomo), jumlisha file_size, weka kikomo cha ukubwa na cha idadi ya mafaili, na zip ya ndani usiifungue kiotomatiki. Kwenye tar hatari nyingine ni majina yenye ../ yanayoandika nje ya folda yako, tundu lililojulikana tangu 2007, na filter='data' ya extractall(), inayozuia hilo, imekuwa chaguo-msingi kuanzia Python 3.14 tu. Kama uko chini ya hapo iandike mwenyewe kwenye kodi, leo hii, kabla hujapokea faili lingine.